Bega la Pancha

Ndugu waombolezaji, poleni, karatasi hii nimepewa mimi mdogo wake, mkiona nimezidisha chumvi mjue ni ugonjwa wa ukoo.

Kaka yetu, mliyemjua kwa jina la Pancha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, chumba cha nyuma nyumbani kwa babu, mtoto wa kwanza kati ya sita, akasoma mpaka darasa la sita mwaka 1965, akaona walimu hawana jipya, akaondoka. Mwaka 1967 alianza kuziba pancha kando ya stendi ya malori, akafungua banda lake 1974, na kwa mkono wa kulia peke yake alivua tairi la lori kama wewe unavyovua soksi. Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa shemeji yetu huyu, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Mwaka 1998 alipata saratani ya bega la kulia, ikakatwa, akapigwa mionzi wiki sita, ikaisha kabisa. Lakini mwaka 2011 ngozi pale palipopigwa mionzi ilikauka kama soli ya kiatu, ikachimbika kidonda kisichopona, mkono ukawa haufiki hata kwenye kitasa cha mlango. Daktari wa upasuaji akasema saratani haijarudi, ila ngozi ile imekufa, ikatwe yote mpaka penye damu nzuri, kisha nyama ya mgongoni izungushwe pamoja na mshipa wake wa damu ije kuziba bega, la sivyo mkono utapotea. Kaka, ambaye simba angemwomba radhi, akaogopa, akataka abandikwe kingozi kidogo tu juu ya tundu arudi kazini. Ndipo shemeji akamuuliza mbele ya manesi, wewe baba watoto, mteja akikuletea tyubu iliyooza, unaibandika kiraka? Kaka akaomba kalamu, akatia sahihi kukubali upasuaji.

Alipasuliwa tarehe 17 Mei 2012, kwa muda wa saa saba nzima, na baada ya miezi minne mkono ukapanda, akarudi bandani, akawa anavua shati kuwaonyesha bega wateja wasiouliza, akidai sasa ana nguvu za farasi tisa.

Tarehe 28 Mei 2023 alishikwa na nimonia, akatutoka Jumapili asubuhi, tarehe 4 Juni, akiwa na miaka 71, mkono ule ule wa kulia umeshika wa shemeji.

Tunamshukuru daktari wa bega, amekaa pale nyuma, manesi waliomvumilia, majirani, na mafundi wa stendi mliofunga mabanda leo. Pumzika, kaka, ile miaka kumi na moja ya nyongeza uliyopewa mkono wako umeitumia yote, hukubakiza hata siku.