Kengele Iliyonigandisha Uwanjani

Asifiwe Bwana aliye hai! Nasema asifiwe, ndugu zangu, maana leo nimesimama mbele yenu hapa Garsen nikiwa mchezaji wa kulipwa kule Uswisi, na kilichotaka kunirudisha nyumbani kwa aibu ni kengele ya ng'ombe. Msicheke bado!

Mimi ni Komora, wa Idsowe. Uwanja wetu mnaujua, umekatwa katikati na malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni. Tulicheza Wapokomo na Waorma pamoja, na sheria tuliyoitunga wenyewe haikuwa na mchezo. Ukisikia kengele ya ng'ombe anayeongoza, unaukanyaga mpira, unasimama tuli, kundi linapita, kisha mnaendelea. Asiyesimama alitolewa nje. Ndivyo nilivyokua.

Sasa mechi yangu ya kwanza kule. Mimi ni beki, niko na mpira mbele ya lango letu. Mara, jukwaani, kengele! Kumbe mashabiki wa kule hushangilia kwa kengele za ng'ombe, na hakuna aliyeniambia. Mguu ukaukanyaga mpira wenyewe. Nikasimama tuli. Nikageuza na shingo kutazama kundi linatokea wapi! Mshambuliaji wao akauchukua mpira taratibu, akafunga.

Uwanja mzima ulinicheka. Tangu siku hiyo kila kengele ikilia miguu inaganda, na hapo najua kabisa hakuna ng'ombe. Kocha akaniweka benchi. Nikaambiwa msimu ukiisha nifungashe virago. Mama akipiga simu, sipokei. Ningemwambia nini? Ndugu zangu, aibu inamla mtu akiwa hai!

Asubuhi moja nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema, "Yesu, mimi nimeshindwa. Sema nami kwa njia yoyote." Sijainuka, simu ikalia. Alikuwa Galgalo, rafiki yangu Muorma, ambaye ng'ombe wake ndio waliokuwa wakitusimamisha pale Idsowe. Nilitaka kuikata. Moyo ukakataa. Nikapokea, nikamweleza yote huku nalia.

Galgalo alicheka mpaka akakohoa. "Wewe Komora, wewe! Ng'ombe yangu iko hapa, inakunywa maji. Haijavuka bahari. Wewe cheza!"

Nami nikacheka, na nilipocheka kitu kilifunguka kifuani. Haleluya! Nimeomba kwa jina la Yesu, na Mungu akanijibu kwa mdomo wa Mwislamu aliye malishoni! Sisi ndio tunaochagua watu, ndugu zangu. Yeye hachagui.

Jumamosi beki mwenzangu akaumia, nikaingizwa. Kengele zikalia uwanja mzima. Miguu ikakimbia! Nilipanda na mpira kutoka kwetu mpaka kwao, nikaachia shuti, nyavu zikatikisika. Wale wale walionicheka walisimama kunipigia kengele. Msimu ulipoisha sikufungasha kitu, niliwekewa mkataba mpya mezani. Bwana ametenda!

Asante, Yesu. Asante pia Galgalo, aliyekuja kunisikiliza na amekaa pale mlangoni, kiti amekataa, mbishi kama kawaida yake.

Na wewe uliyejifungia na aibu yako, unayeona jina la mtu kwenye simu ukaigeuza kifudifudi, nakusihi leo umwamini Bwana. Mwambie yote. Kisha simu ikilia pokea, hata kama anayepiga si wa kanisa lako.