Vitofali vya Bayumi Havina Moshi, Walisema

Mpunga ukishavunwa, kijiji cha Kafr el-Zahiri huamka na kikohozi, maana mabua huchomwa mashambani kwa siri na moshi hauna siri. Wenye kazi hukimbilia kazi zao, wenye maneno hukimbilia benchi la Zanati muuza kahawa, ukingoni mwa mfereji. Asubuhi hiyo Bayumi, fundi wa pampu za maji, alitua kitofali cheusi cha kuwashia moto benchini kama mtu anayetua mtoto mchanga. Miezi saba amekihangaikia. Alitaka asifiwe, basi.

— Mabua ya mpunga na mifuko ya plastiki ya mferejini humu. Nimesaga, nikatia moto kidogo, nikashindilia. Umm Gabri, yule mjane, anaokea mikate tangu juzi.

— Mashallah! alidakia Abdul-Sabur, karani mstaafu waliyemwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba hajui jambo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukusifu, Bayumi, nawe tia maji mpaka tuogelee!

— Maji kwenye kuni, Mheshimiwa? alicheka Fikri Kiwiko, dalali wa nyati wa kufugwa, aliyepata nafasi benchini kwa kusukuma wenzake. Mimi nasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na nani ametufaa kama mfuko wa plastiki? Hauozi, hauhami, hauoi mke wa pili!

— Na moshi wake? aliuliza Zanati.

— Moshi gani? Ule ni mvuke, alisema Waziri. Tena unaua mbu.

— Unaua mbu tu? alidakia Kiwiko. Ukiuvuta miaka miwili, mapafu yanaota ngozi ya plastiki. Hata ukitumbukia mferejini, huzami!

— Wazungu watakuja kuununua wenyewe, alisema Waziri. Tutawafungia moshi kwenye matairi.

Bayumi alicheka mpaka machozi. Kifua kilimjaa.

Ndipo akatokea Umm Gabri mwenyewe, masizi mpaka kwenye nyusi, macho mekundu. Hakuamkia mtu.

— Bayumi, mwanangu. Kwako mkeo anapikia nini?

Waziri akaanza kukoroga kikombe kitupu. Kiwiko akatazama mfereji kana kwamba amemwona nyati wa mteja. Bayumi akakichukua kitofali chake, akakificha mgongoni. Mkewe, Wagida, alikuwa amewasha kitofali kimoja tu, siku ya kwanza, akakitoa nje kwa koleo huku akitapika. Tangu hapo wanapikia mtungi wa gesi. Na magunia ya vitofali yakaenda kwa mjane.

— Haya, nimesikia, alisema Umm Gabri, akageuka.

Bayumi alimfuata hadi jikoni kwake. Alivuta pumzi tatu mbele ya tanuri, ya nne ikamshinda. Akaanza kutoa magunia nje, moja moja, mgongoni mwake mwenyewe.

— Nitakuletea ya mabua matupu, mama. Wallahi.

— Yapeleke kwanza kwa Wagida, alisema, akikohoa. Ayapikie mwezi mzima. Halafu yeye ndiye aje kuniambia, siyo wewe.

Kule benchini tayari walikuwa wanabishana kuhusu kuendesha trekta kwa maganda ya vitunguu.