Mtihani wa Mama Kadi Ni Alhamisi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, uliyeshuka kutoka ghorofa ya tatu kuja kwetu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzetu:

Sisi ni wafanyakazi sita wa masijala, kompyuta na usafiri, tunaojisomea usalama wa taarifa. Karibu utuzindulie Wiki ya Usalama wa Taarifa. Tumepewa dakika tano na tumeombwa tusilalamike. Dakika tano tutazitimiza.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka miwili iliyopita, baada ya wezi wa mtandaoni kuzifunga kompyuta zetu kwa siku nne. Wagonjwa walirudishwa nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua wanatumia dawa gani. Tuliomba mafunzo, tukajibiwa kwamba bajeti hairuhusu. Tukaomba kitabu. Bajeti haikuruhusu. Tukaomba chumba, tukapewa stoo ya viti vya magurudumu vilivyoharibika, na tunashukuru, maana angalau vya kukalia vilikuwamo.

Mwalimu wetu ni mwenzetu tunayemwita Mama Kadi, kwa kuwa ameandika kadi za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa. Kompyuta alijifunza kwa kuwatazama mafundi wakizitengeneza, bila kuwauliza kitu, wasije wakamfukuza. Kitabu alikiazima kwa shemeji yake, tukakinakili nyuma ya fomu za zamani zilizokuwa zikitupwa. Tulikuwa sura ya tatu alipogeuza ukurasa akausogeza kwenye mwanga. Upande wa pili kulikuwa na jina la mgonjwa na ugonjwa wake.

"Jamani," alisema, "tunasomea kutunza siri za watu juu ya migongo ya siri zao."

Kaka yetu dereva wa gari la wagonjwa akamjibu, "Basi shangazi, sisi tumefeli hata kabla ya kujiandikisha."

Tulicheka. Kisha tukazichana zote, tukaanza upya kwa mkono, kwenye madaftari.

TULIYOYAFANYA

Kila karatasi yenye nywila, yaani neno la siri, iliyobandikwa kwenye kompyuta tumeibandua, na mwenyewe tumemwelekeza. Nakala za mafaili ya wagonjwa sasa huhifadhiwa mbali na mtandao kila Ijumaa. Mwaka huu hospitali ilikubali kumlipia mtu mmoja afanye mtihani wa cheti. Tulipiga kura. Mama Kadi alipata kura tano. Ya sita ilikuwa yake mwenyewe, akampa dereva.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita tulifanya zoezi. Kitabu kinaagiza wafanyakazi wote, bila kujali cheo, watumiwe barua pepe ya uongo, ionekane nani atampa nywila yake mtu asiyemjua. Kinaagiza pia ruhusa ipatikane kwanza. Mama Kadi aliandika barua ya kuiomba, ikarudi na muhuri wa "Imepokelewa". Sisi tuliojifunza bila mwalimu wa darasani tukadhani hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Kosa hilo ni letu sote sita, na tunaliomba radhi hapa mbele ya watu.

Barua pepe ile ilisema kuna posho ya safari, bonyeza hapa, andika nywila yako. Walioandika walikuwa kumi na mmoja. Kumi tulikaa nao mmoja mmoja. Wa kumi na moja yuko ghorofa ya tatu, ambako kuna ofisi moja tu. Jina lake hatukuliandika popote. Mama Kadi alipanda ngazi mwenyewe, akafunga mlango, akamweleza kwa sauti ya chini.

Aliporudi tulimuuliza, "Amesemaje?"

"Ameniuliza mimi ni nani."

Siku mbili baadaye alihamishiwa stoo ya mashuka, kwa maslahi ya kazi. Hatusemi uhamisho huo unahusiana na ngazi zile. Hatuna ushahidi, na yeye ndiye aliyetufundisha tusihukumu bila ushahidi. Tunaeleza tu siku zilivyofuatana.

Leo hayupo ukumbini, kwa sababu hakuna wa kumshikia zamu. Jana tulimpelekea daftari lake, tukamkuta anakunja mashuka huku akijiuliza maswali ya mtihani na kujijibu.

"Shangazi, hata mashuka unayawekea nywila?" dereva alimtania.

"Shika ncha hiyo, kunja. Acha maneno."

MAOMBI

Mtihani ni Alhamisi ijayo. Fomu ya kumruhusu Mama Kadi aufanye inahitaji saini yako kabla ya kesho jioni, la sivyo nafasi inapotea, na kupata nyingine ni mpaka bajeti iruhusu. Fomu hiyo iko mezani kwa katibu muhtasi wako tangu wiki mbili zilizopita. Ina muhuri wa "Imepokelewa". Safari hii tunajua maana yake.

Hatuombi fulana nyingine. Fulana hizi na bango hili lenye picha yako vilipatikana ndani ya wiki moja. Ni bajeti ipi iliyoviruhusu hatujui, na hatuulizi.

Ombi la mwisho halina gharama. Fulana tulizovaa, na hiyo uliyovaa wewe, zimeandikwa "Badili Nywila Yako Leo". Mfumo wetu hauonyeshi nywila ya mtu, ila unaonyesha siku ilipobadilishwa mara ya mwisho. Wale kumi wote wamebadilisha. Ya ghorofa ya tatu bado ni ile ile. Tafadhali, mgeni rasmi, ibadilishe kabla hujakata utepe.

Mungu akupe afya njema na maisha marefu. Na ikitokea siku umelazwa katika vitanda vyetu, akujalie faili lako litunzwe na mtu aliyeruhusiwa kufanya mtihani wake.

Ni sisi,
Kikundi cha Stoo ya Viti:
watano tuliosimama mbele yako, na mmoja aliye kwenye mashuka.