Kipimo Kilichopanda

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja alimwonyesha abiria mwenzake majibu ya damu ya mke wa mwanawe. Sauti yake ilifika hadi kwa dereva. "Vitamini D iko chini, sawa. Lakini hii ya tezi ya shingo imepanda. Si amefaulu?"

"Hapana, mama. Mimi mwenyewe nameza dawa ya tezi. Hiyo ni homoni ya ubongo inayoihimiza tezi. Tezi ikilegea, ubongo unazidi kuifokea. Mtu anaamka amechoka."

"Na mimi akisinzia jikoni namwita mvivu, tena mbele ya wageni." Sauti yake ilikuwa imeshuka; sasa ilinibidi nitege sikio.

Basi likasimama kwenye kituo alichokuwa ameomba kushuka. Mama hakuinuka. "Kumbe tulikuwa wawili tukimfokea, mimi na ubongo wake."