Mkurugenzi Alipigwa Faini ya Pombe

Nilikaa nyuma ya mama mmoja na kijana katika basi la Kanombe, mwaka 1991, nikijifanya nimesinzia. Mama Spesioza alikuwa analima kabichi na ushirika wake bondeni. Evariste, kijana wa tai, alikuwa karani wa kiwanda cha sabuni kilichomwaga uchafu kwenye mfereji wao, hadi kabichi zikatoa povu sufuriani.

"Mlimtega mkurugenzi wetu," alisema kijana. "Aliwaletea mabati ya msaada, nyinyi mkampa uanachama."

"Msaada tuliukataa. Uanachama aliupenda mwenyewe, hata akapiga picha. Na kwetu mwanachama akichafua maji, analeta faini ya pombe ya ndizi, halafu anashika jembe."

"Mtu mkubwa vile, jembe?"

"Amechimba nasi shimo la kuchujia maji yake machafu. Anachimba kumshinda mume wangu. Jana tumemaliza, mfereji iko safi. Leo tunakunywa."

"Hiyo iko ujanja, mama."

"Iko ushirika, mtoto wangu."

Basi likasimama bondeni, wakashuka wakibishana. Kituo changu kilikuwa bado mbele, lakini nami nikashuka. Pombe ya faini haiulizi kadi ya uanachama.