Gurudumu la Oreste Bellazzi

Wasikilizaji wapendwa, mniwie radhi, leo sauti yangu haiko sawa. Tumempoteza Oreste Bellazzi, fundi baiskeli wa mtaa wa Santa Marta, hapa Novara. Amefariki Jumatano, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Amefia ndani ya gurudumu lake mwenyewe. Narudia: ndani, si juu yake.

Kama hukuwahi kuliona, lilikuwa gurudumu moja tu, refu kuliko mtu. Kiti, injini na Oreste, vyote ndani, chuma kikimzunguka karibu na pua. Kuona mbele ni kwa taabu. Mvua ikinyesha, matope yote ni yako. Kona unaikata kwa kuegemea mwili mzima. Lakini hayo ni maudhi tu. Kifo kilikuwa kwenye breki. Ukiifunga ghafla, gurudumu linashikana na kiti na kukubeba, miguu juu, kichwa chini, kama buni kwenye pipa la kukaangia.

Oreste aliyajua hayo. Alaa, alijua kuliko sisi sote! Kaka yake, Gualtiero, anakumbuka walivyomtania sokoni: "We Oreste, gurudumu la pili umeliacha wapi?"

"Nimemwachia mkeo, akorogee ugali wake wa polenta!"

Kisha Oreste anaacha mzaha. "Ila breki siigusi, kaka. Nakata mafuta mapema, naliacha lichoke lenyewe."

Sasa, desturi yetu mnaijua. Siku ya Mtakatifu Antonio, ng'ombe, punda, malori na pikipiki hupita mbele ya kanisa, na kila kimoja husimama ili Padri Celso akinyunyizie maji ya baraka. Mwaka jana Oreste hakusimama. Alipita akipunga kofia, maji yakamwagika barabarani. Watu walicheka sana. Kiangazi homa ikamchukua binti yake, Nives, bado ananyonya. Mama mkwe wake, Bi Carlotta, akasema mbele ya jeneza, "Chuma kisichobarikiwa ndicho kilichotuletea balaa."

Mbele ya jeneza, jamani!

Neno hilo lilimkaa Ines, mke wa Oreste. Si mtu wa ushirikina, Ines. Lakini mfiwa hutafuta sababu popote, na sasa ni mjamzito tena. Jumatano asubuhi akamwambia mumewe, "Mwaka huu simama. Kwa ajili ya huyu aliye tumboni."

"Nitasimama, mke wangu."

Na alijipanga. Alikata mafuta mbali, kwenye duka la dawa. Lakini barabara pale inateremka, na barafu ilikuwa imeganda. Gurudumu halikuchoka, likazidi mbio. Gualtiero alimwona akimtazama Ines, aliyesimama kando ya padri, mkono tumboni. Angeweza kupita. Njia mbele ilikuwa nyeupe, hakuna mtu. Akafunga breki. Mbele ya kanisa palikuwa pamemwagwa majivu ili ng'ombe wasiteleze, na hapo ndipo gurudumu liliposhika ardhi badala ya kuteleza.

Lilimbiringisha, likaanguka ubavu. Padri Celso alimnyunyizia maji pale chini. Oreste alikuwa ameshakata roho.

Nimefika kwao. Bi Carlotta amekaa jikoni, peke yake. Majirani wanamwambia Ines kwamba ni mapenzi ya Mungu. Yeye anawajibu, "Mungu hakumwambia asimame. Nilimwambia mimi."

 

Ines, Gualtiero, Bi Carlotta, poleni. Poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtakaokwenda kuzika kesho, nawasihi: msimtafutie mfiwa sababu ya msiba wake. Mshikeni mkono, mnyamaze. Mwezi wa Aprili Ines atajifungua. Mtoto atakua, ataulizia baba yake, na sijui ni nani kati yetu atakayekuwa na moyo wa kumwambia alisimama kwa ajili ya nani.