Antena ya Mzee Hatulii

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa kupaka rangi magari, baba wa msomaji wetu wa taarifa ya habari. Mtaani walimwita Mzee Hatulii. Na kweli hakutulia. Hata kinyozi alimnyoa huku akimfuata.

Mzee Hatulii alikuwa na gari la zamani, la rangi ya maziwa, alilolipaka mwenyewe mpaka ukajiona humo kama kwenye kioo. Binti yake alipokuwa mdogo aliketi kiti cha nyuma, akisoma vibao vya maduka kwa sauti, eti ni taarifa ya habari. Baba akamwahidi: "Siku utakaposoma redioni kweli, nitakusikiliza humu humu."

Miaka ikapita. Binti akapata kazi hapa kwetu. Angesoma habari kwa mara ya kwanza Jumamosi, saa saba mchana. Redio ya gari ilikuwapo. Antena haikuwapo.

Basi mzee akakosa raha. Dukani akaonyeshwa antena ya kubandika kiooni. "Hili gari la heshima, si kidonda cha kubandikwa plasta!" Akaonyeshwa fupi ya mpira. "Mkia wa panya huo." Akachagua ndefu ya chuma, ya kuvuta, inayolingana na umri wa gari.

Ikabaki kutoboa. Alipima bati la juu ya gurudumu la mbele, akafuta alama, akapima tena, akalizunguka gari. "Chai yake ilipoa juu ya boneti," anakumbuka mjane wake. "Nikamwambia, mume wangu, toboa au nitoboe mimi!"

Akatoboa. Lakini, wasikilizaji wapendwa, fundi rangi ni fundi rangi. Roho yake haikukubali kuacha chuma kitupu kishikwe na kutu. Akalipaka rangi tundu lote, juu na chini, ndipo akafunga antena. Jumamosi mchana akawasha redio. Ikakoroma tu. Saa saba inakaribia, redio inakoroma.

Akamwita shemeji yake, fundi umeme wa magari. Shemeji akachungulia chini ya bati, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, antena umeivalisha koti! Kitako chake sharti kiguse chuma kitupu. Kwangua rangi."

"Nikwangue rangi yangu mwenyewe?"

"Basi usikwangue. Nenda kamsikilize mwanao kwa jirani."

Mzee akachukua msasa. Akakwangua huku akiguna, mpaka chuma kikang'aa. Wakakaza nati. Mkoromo ukakatika, na sauti ya binti ikajaa garini.

"Hakusogeza hata kidole mpaka habari zikaisha," asema mjane. "Nikamgusa bega nione kama mzima." Kisha mzee akaruka nje, akaanza kulizunguka gari: "Mmesikia anavyotamka? Mmesikia?"

Mzee Hatulii alituacha wiki iliyopita. Mama, shemeji, na nyote wa nyumba ile, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nawe msikilizaji, jiulize: ni nani anayengoja umsikilize, na ni kitu gani kizuri unachoogopa kukikwangua?

Leo binti yake hayupo studio. Ameketi kiti cha nyuma cha gari lile, antena imevutwa yote. Dada, tunajua unatusikia.